Mkono Uliotia Mayai

Mambrui, 9 Machi 2014

Wifi yangu Saadia,

Salamu zikufikie wewe, kaka yangu Salmin na watoto wote watatu, mkubwa kwa mdogo. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Aidarus anakusalimu, duka lake la vyombo linakwenda pole pole, na joto la mwaka huu limetukausha hata ndimi. Mvua tunaisikia redioni tu, kwamba imenyesha kwa watu wengine.

Ninaandika barua kama msichana wa shule kwa sababu Mama ametufungia simu mimi na wewe. Hukumu yake nimeikubali. Siku ile wewe ulipaza sauti, mimi nikapaza zaidi, na Mama akasema mbele ya masikio yote kwamba kuanzia leo mawifi hawa wataandikiana, maana hajaona mtu akipiga kelele kwenye karatasi. Nitajaribu.

Neno langu ni moja. Mama alikuja kwako mwezi wa kumi kukulea uzazi. Nilimtoa mimi mwenyewe. Nilimkunjia kanga zake sandukuni, na chupa ya mafuta ya nazi nikaifunga mifuko mitatu yasije yakamwagika, mafuta ya kukukandia wewe. Arubaini yako iliisha kabla ya mwaka mpya. Nikasema basi, baridi ya huko Marekani kali, apumzike kwanza. Sasa ni Machi. Kila Ijumaa nampigia, na kila Ijumaa simu yako iko kwenye spika, watoto wanapiga mayowe kwa Kiingereza, Salmin anacheka nyuma, nami siwezi kumwambia mama yangu neno lolote la mtu na mamake. Tiketi yake inasema Aprili. Naomba iwe hiyo hiyo Aprili.

Na jingine. Ninasikia unavyomwita "Mama, Mama" kutwa nzima. Kuna neno "mama mkwe", wifi, na halilipiwi ushuru. Mama ni wangu.

Kuku wake Kishungi mzima. Asubuhi akifunguliwa bandani huenda moja kwa moja kwenye mlango wa chumba cha Mama, akasimama hapo na yale manyoya yake ya kichwani yamemsimama. Ukiwa hujui utadhani anabisha hodi.

Wako,
Nasima


Frogtown, Saint Paul, 2 Aprili 2014

Kwa wifi yangu Nasima,

Nimepokea barua yako, na salamu zako nimezigawa kama ulivyoagiza. Salmin anaendesha gari kila siku hadi kazini kwake Plymouth, mgongo unamsumbua. Mimi nimerudi kazini, kule kufulia mashuka ya hospitali Maplewood. Mtoto, Shamsa, ameota jino moja na analionyesha kwa kila mtu. Theluji bado ipo uani, nyeusi kama majivu, inakataa kuondoka.

Sasa nikueleze ya Mama, kwa sababu utayasikia kwa Salmin naye hajui kuhadithia.

Jirani yetu ni bibi wa Kizungu anaitwa Lois, mjane. Anafuga kuku wanne uani kwake, majike watupu, kwa ajili ya mayai ya chai ya asubuhi. Mmoja, mwekundu, ameshika kiota. Kila Lois akimtoa, anarudi. Basi Lois akamfungia kwenye kizimba cha waya, na siku moja akamchovya tumbo kwenye ndoo ya maji baridi ili joto la kuatamia limtoke. Ndivyo wafanyavyo hapa. Mama alikuwa dirishani jikoni anaosha vyombo. Aliacha bomba linamwagika. Akavaa koti langu na mabuti ya Salmin, akakata theluji mpaka kwa Lois, bila neno moja la Kiingereza, akarudi na kuku kwapani. Lois alikuwa nyuma yake anacheka, anamwambia mchukue, mchukue.

Mama akaniambia, "Kiumbe akitaka mtoto hanyimwi."

Amemlaza gereji, ndani ya boksi la nepi, juu ya nyasi kavu alizopewa na Lois. Amemtia mayai kumi na moja ya kuku wa Lois mwenyewe. Makaa ya kutilia alama hatuna, kwa hiyo amechukua wanja wangu na kuchora kila yai. Ametia na msumari kiotani kwa ajili ya radi, isije ikayaharibu mayai, nasi hatujasikia radi tangu Septemba. Watoto wakirudi shule wanakwenda gereji kabla ya kuvua viatu. Mama huzungumza nao kwa Kiswahili, wao humjibu Kiingereza. Anasema kuku peke yake ndiye anayemwitikia lugha moja.

Unaijua kanuni yake kuliko mimi. Mkono uliotia mayai ndio utakaotoa maganda. Kwa hiyo Aprili haiwezekani. Salmin amemwombea aongezewe miezi, na karatasi zimeshapelekwa. Usinitazame mimi, wifi. Aliyemzuia ni kuku.

Nimesoma habari ya "mama mkwe". Nitajitahidi.

Saadia


Mambrui, 27 Aprili 2014

Saadia,

Salamu. Wazima.

Barua yako imefika leo. Kwa hesabu yoyote ile vifaranga vimeshatotolewa, maganda yameshatolewa, na mkono uko huru. Basi Mama afunge sanduku.

Nimeambiwa tangu utotoni kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Nilidhani methali hiyo ni ya kuku.

Mimi ni mtoto wake wa kike wa pekee. Nimekaa naye nyumba moja miaka yote, hata nilipoolewa ni Aidarus aliyehamia kwetu, si mimi niliyetoka. Mikono yake ile ninaijua mpaka kucha. Leo inamfuga kuku wa mjane wa Kizungu ndani ya gereji, na mimi huku napashwa habari kwa posta. Ninaona wivu, ndiyo. Soma hivyo, msomee na Salmin. Ninamwonea wivu kuku.

Ninamhitaji Mama hapa kabla ya mwezi wa kumi. Usiniulize kwa nini. Haja yangu ni yangu.

Nasima


Frogtown, Saint Paul, 25 Mei 2014

Wifi Nasima,

Salamu nyingi, na radhi kwa kuchelewa. Watoto wazima, Salmin mgongo umepungua. Majani yametoka mara moja, kama mtu aliyeyafungulia mlango. Sikukujibu mapema kwa sababu Mama alinikataza kuandika mpaka aibu impungue.

Hakikutoka kitu.

Siku ya kutotoa ilifika, ikapita. Mama akasema baridi imechelewesha. Tukangoja tena, na tena. Alikuwa ameshayamulika mayai kwa tochi ya simu yangu, akaona ndani kweupe, akalaumu macho yake. Mwisho alichukua moja, akaenda nyuma ya uzio, akalivunja. Lilikuwa viza. Mayai yote viza, harufu ilikaa gereji wiki nzima na Salmin akawa anaegesha gari barabarani.

Lois alikuja kuuliza kuna nini. Salmin akamweleza, naye akatutazama mmoja mmoja, halafu akauliza kwa upole, "Kwani mlidhani baba yao ni nani?" Kuku wake hawana jogoo. Aliwaahidi majirani hakutakuwa na jogoo, kwa ajili ya kelele. Yeye alifikiri tunajua. Sisi hatukuwahi kufikiria. Nani amewahi kuona nyumba yenye kuku isiyo na jogoo, ikiwa hata asiye na kuku wake huamshwa na jogoo wa jirani?

Mama alikaa kiti cha jikoni, akasema, "Umri wangu wote sijamuuliza kuku kama ana mume." Kisha akacheka. Alipomaliza kucheka alikwenda chumbani na kuvuta sanduku kutoka chini ya kitanda.

Lakini kuku mwekundu alikuwa bado amelala, wifi. Juu ya kiota kitupu, mwili umemwisha, kilemba chekundu cha kichwani kimepauka. Na ikawa bahati kwamba Lois ana nduguye, Harrison, mwenye shamba na majogoo huko nje ya mji. Mayai yakapatikana. Dazeni. Mama aliyashika moja moja, akayachora wanja, akayatia.

Kwa hiyo unaona mambo yalivyokwenda. Si kwa kupanga.

Saadia


Mambrui, 15 Juni 2014

Kwa wifi yangu, fundi wa bahati,

Salamu za nyumba nzima. Mvua imekuja hatimaye na paa la jikoni limetuvujia, Aidarus ameziba. Biashara nzuri, watu wananunua masufuria kwa ajili ya Ramadhani.

Kwanza nilicheka. Nilicheka mpaka Aidarus akatoka dukani kuja kutazama. Wiki tatu Marekani nzima inangoja watoto wa kuku wajane. Nimewahadithia majirani wawili na wote wameomba niwahadithie tena.

Baada ya kucheka nikaisoma tena. "Mayai yakapatikana." Ni nani aliyeyapata, wifi? Miguu hayana. Sanduku linatoka chini ya kitanda asubuhi, mayai yanafika jioni. Nimeona mayai mengi maishani mwangu, sijaona yenye akili kama hayo.

Sasa pokea habari za huku. Kishungi naye amelala. Amelala wiki ya pili sasa, kiotani hakuna hata yai la dawa, anaatamia majani matupu. Jogoo tunaye, wa kwetu wenyewe, na mayai yapo kwenye bakuli. Sijamtia hata moja. Ninamngoja mwenye mkono. Aidarus anasema namtesa mnyama bure, na yeye ndiye anayempelekea maji na punje za mtama, kwa sababu mimi bandani siku hizi sikanyagi. Harufu ya banda imenishinda tangu Machi, na kuinama nako kumeniwia kazi. Mwambie Mama kuku wake anakonda. Msomee kama nilivyoandika, usiruke kitu. Ninajua unaruka. Ijumaa nikimuuliza kuhusu barua zangu ananijibu nusu.

Kama kamba ni kuku, basi na mimi nina kuku.

Nasima


Frogtown, Saint Paul, 10 Julai 2014

Wifi yangu,

Ramadhani njema. Huku tunafunga mchana mrefu mno, jua linakataa kuzama, na kazini kwenye mvuke wa mashuka nimekaribia kuanguka mara mbili. Salmin anakusalimu. Watoto hawajambo, mkubwa amefunga siku tano na amewaambia watu wote wa mtaa.

Vifaranga wametoka, tisa kati ya dazeni. Mama alianza kuwasikia jana yake, aliweka sikio kwenye kiota akatuita tukasikilize, wanalia ndani ya yai kabla ya kuzaliwa. Asubuhi kuku alikuwa amejaa vichwa chini ya mbawa. Mama alitoa maganda kwa mkono wake wa kulia, akayasaga, akamrudishia kuku ayale. Binti yangu alilia, hakujua analilia nini. Lois alikuja na kamera. Mara mwewe akapita juu, kwani hata Frogtown kuna mwewe, na kuku yule ambaye maisha yake yote alikuwa wa mayai ya chai alitoa mlio nisiousahau, vifaranga wote wakatoweka chini yake. Mama akanitazama kwa fahari utadhani amemzaa yeye.

Sasa la pili.

Ni kweli mimi humsomea barua zako, miwani yake inamchosha, na ni kweli huwa naruka. Hii ya Juni niliisoma, nikafika kwa Kishungi nikaruka, kwa sababu nilijua itamuuma. Mama akanyoosha mkono. Nikampa. Aliisoma yote kwa kidole, mstari kwa mstari, kisha akarudi kwenye mstari mmoja, na haukuwa wa Kishungi. "Nasima anakimbia harufu ya banda?" akaniuliza. "Nasima? Mtoto huyu alikuwa akilala na vifaranga ndani ya gauni." Akakunja vidole kuanzia Machi, akahesabu mpaka akaishiwa mkono mmoja akaingia wa pili. Usiku ule hakufuturu ila tende na maji.

Wifi, u mzito?

Usinijibu kama hutaki. Lakini nikwambie hali ilivyo. Tangu siku ile amenibakia mwili tu. Anampakata Shamsa huku anatazama dirisha. Ananiuliza mvua ya Mambrui kana kwamba mimi ndiye nainyesha. Wewe uliandika kwamba unamwonea wivu kuku. Basi mimi nakushinda, mimi namwonea wivu mtoto ambaye hajazaliwa. Ningejua mwezi wa tatu nisingefanya niliyoyafanya. Au ningeyafanya haraka zaidi. Sijijui.

Saadia


Mambrui, 3 Agosti 2014

Saadia,

Idi imepita salama. Tulipika pilau, nikala kidogo. Aidarus amenunuliwa kanzu mpya na mamake, imembana, hataki kukubali.

Ndiyo. Mwezi wa sita unaisha.

Unajua nimepoteza wawili. Wa kwanza nilimtangaza siku ya pili, kwa furaha, na mtaa mzima ukaja kunipongeza, kisha mtaa ule ule ukaja kunipa pole. Wa pili nilimwambia Mama peke yake, naye akawaambieni nyinyi kwenye simu, mkashangilia kwenye spika. Sisemi ni jicho la mtu. Sisemi pia kwamba si jicho. Safari hii niliapa hatajua mtu isipokuwa Aidarus, mpaka mtoto alie mwenyewe. Nimevaa madera mapana, nimeacha kwenda harusini, na nimewaambia wanaouliza kwamba nimenenepa kwa raha.

Lakini ningeweza kumwambia Mama. Ningempigia kwenye simu ya mtu mwingine huko, mbali na spika zako, nikamwambia neno moja, na angepanda ndege kesho yake. Hilo ndilo sikulitaka. Elewa vizuri, kwa sababu sitaliandika mara mbili. Kwako alikuja kwa sababu ya tumbo. Kwangu nilitaka aje kwa sababu yangu. Nilitaka aamke siku moja huko, asikie chai haina ladha, aseme, nimemkumbuka Nasima, nakwenda. Nilingoja Aprili, nikangoja Mei. Badala yake kila barua inaniletea kuku.

Sasa atakuja, najua. Na sitajua kamwe kama angekuja.

Kishungi amechoka mwenyewe, ameshuka kiotani. Aidarus alisema nilimkosea. Nilimkosea.

Nasima


Frogtown, Saint Paul, 14 Septemba 2014

Wifi yangu Nasima,

Salamu zangu utazipata kwa mdomo wa mwenye kuzibeba, maana barua hii anaileta Mama mwenyewe. Nimeifunga kwa gundi. Najua ataifungua Amsterdam, akingoja ndege ya pili.

Asubuhi moja mwezi uliopita nilikuwa uani naanika nguo. Vifaranga wamekuwa vijana, mbawa kamili, miguu mirefu isiyojua iende wapi. Mmoja alimsogelea mamake kama kawaida, na yule kuku mwekundu akamdona kichwani. Nilifikiri amekosea. Akamdona tena, akamfukuza, akamgeukia na mwingine. Kuku yule yule aliyepiga kelele kwa mwewe. Nikamwita Mama aje amzuie. Mama akasimama mlangoni, akasema, "Mwache. Amemaliza kuwalea. Asipowafukuza hatataga tena." Kisha akaniambia taratibu, "Na mimi sasa Salmin anitafutie ndege."

Nililia mbele ya kuku. Sikuona haya.

Wewe umeniambia lako, basi chukua langu. Mama yangu mzazi alikufa nikiwa sijui kusuka nywele zangu mwenyewe. Nililelewa na shangazi mwenye watoto wake saba, mwanamke mwema, asiye na mkono wa ziada. Wawili wa kwanza niliwazaa hapa. Salmin alinileta nyumbani kutoka hospitali, akanipikia tambi, akaenda kazini. Siku kumi baadaye nilikuwa napanda ngazi na nguo za kufua. Sikujua kuna kitu nimekosa. Nilidhani ndivyo uzazi ulivyo. Halafu kwa Shamsa akaja mama yako na ile chupa ya mafuta uliyoifunga wewe mifuko mitatu. Akanilaza, akachovya kitambaa kwenye maji ya moto, akanikanda tumbo, kiuno, mpaka nyayo, kila siku, akinipigia kelele nikijaribu kuinuka. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, na ndiyo mara ya kwanza mtu aliniambia lala, mimi nipo. Nikishaonja hivyo, wifi, ningerudishaje?

Mayai ya Harrison niliyafuata mimi. Niliondoka kazini, nikaendesha saa nzima hadi shambani, nikayaweka kwenye kiti cha mbele na mkanda nikayafunga. Sikujua kama Mama amejua mpaka juzi tukipanga kanga. Akasema, "Ulirudi na tope la shamba kwenye viatu. Lois hana shamba." Nikamuuliza kwa nini basi aliyatia. Akasema, "Uliyaleta kwa mikono miwili, ningekwambia nini?"

Na lile swali lako nimekuulizia. Nilimwambia, ungekwenda kwa Nasima bila tumbo? Alikasirika. Alinijibu kwamba sanduku alilitoa mwezi wa tano, kabla hajajua lolote, kwa sababu alikuwa ameota unafagia ua na yeye amekaa anakutazama. Ndivyo alivyosema, sikuongeza neno. Lile sanduku la mwezi wa tano lilikuwa lako, wifi. Mimi ndiye niliyelirudisha chini ya kitanda kwa dazeni ya mayai.

Mpokee. Goti la kushoto linamuuma ngazini. Asubuhi anapenda chai yake na tangawizi nyingi, lakini hilo unalijua.

Nimejitahidi kuandika "mama mkwe" barua hii nzima na sijaweza mara moja.

Saadia


Mambrui, 30 Novemba 2014

Wifi yangu Saadia,

Salamu kutoka kitandani. Sijatoka arubaini, ninaandikia juu ya mto, ndiyo maana herufi zinapanda milima. Mtoto ni wa kiume, wa mwisho wa Oktoba, mzima, sauti ya muadhini. Aidarus amempa jina la babake na tangu siku hiyo hafungui duka kwa wakati. Salmin mwambie amepata mpwa mwenye masikio yake, pole kwa mtoto.

Mama alifika na barua yako imefunguliwa, gundi imekauka pembeni. Hakunificha. Alinikabidhi akasema, "Isome, wifi yako anaandika vizuri kuliko wewe." Hivyo ndivyo alivyoanza.

Nilisoma ile ya sanduku. Niliirudia.

Ananikanda asubuhi na jioni. Maji yake ya moto ni moto kweli, hukusema. Nalala, nafumba macho, nasema hatimaye mama yangu nimempata peke yangu, hakuna spika, hakuna theluji. Basi hapo hapo mkono uko kwenye kiuno changu anauliza, "Sasa hivi huko kwao saa ngapi?" Nikimwambia, anasema, "Saadia ndiyo anatoka kazini, na mabuti yake yamepasuka, nilimwambia Salmin." Mtoto wangu akilia anambembeleza, "Nyamaza, Shamsa." Amewahadithia wanawake wote waliokuja kunitazama habari za Lois na ndoo ya maji, wakaja kuona mzazi wakaondoka wanazungumza kuku. Wifi, ananikanda mimi anakuulizia wewe. Nina wivu mpaka maziwa yanataka kukatika.

Juzi nilimsikia kwenye simu na Salmin, amejificha uani, anadhani nimelala. Anauliza tiketi za mwezi wa tatu. Anasema kuku mwekundu wa Lois atalala tena theluji ikiyeyuka, na hapo hawana mtu anayejua kumtamisha. Safari hii, akasema, atauliza kwanza habari za jogoo.

Jana Kishungi alilala tena. Amerudi kiotani, amejikunja, amevimba, ukimsogelea anaguna. Nikamtuma Aidarus alete bakuli la mayai, yale ya jogoo wetu, mapya. Nikamwita Mama, nikamwambia mkono wangu bado wa uzazi, haufai kutia mayai, ayatie yeye. Aliyachukua. Alichora makaa kila yai, akatia na msumari. Alipofika la mwisho alisimama nalo, akaniuliza, "Hii umejifunza kwa nani?"

Nikamwambia kwa wifi yangu.

Akacheka, akalitia.

Hawa watatoka kabla ya mwaka mpya. Baada yao kutakuwa na wengine, jogoo wetu hana kazi nyingine. Lakini bandani nimeanza kukanyaga tena, na jana nilitazama kwa makini vidole vya Mama vinavyoshika yai, jinsi anavyoligeuza kabla ya kulilaza. Mwezi wa tatu Kishungi akilala, nitajaribu kuyatia kwa mkono wangu mwenyewe.

Tazama mabuti yako, nunua mengine.

Wifi yako,
Nasima